Tuvuke Kasindi na Maulizo Yetu

Wandugu wanafunzi, kila vakansi inapokaribia, mwenye kuwa na mjomba Kasese ao Kampala anaanza kusema: «Nitapigwa foto pa mstari wa ikweta, kule Kayabwe.» Ni vizuri. Lakini ikweta inapita kwetu pia, kati ya Butembo na Lubero. Wangapi kati yetu wameenda kuitazama? Inaonekana tunataka tu kile ambacho watalii wamekwisha kuandika katika vitabu vyao.

Mtalii anapita mbio. Sisi tuko na kitu ambacho yeye hana: upande wa Kasese wanaishi Wakonzo, na lugha yao na Kinande chetu ni ndugu. Unaweza kusimama Bwera, kusalimia mama mwenye kuuza sokoni, kumuuliza bei ya maharagi, masomo ya watoto, na namna wanaishi chini ya Ruwenzori, mulima ule ule tunaouona toka Beni. Foto haiwezi kukujibu hivyo.

Basi, njia ikiwa salama, uende. Lakini mbele ya kuondoka uandike maulizo yako tatu, si ya mwingine. Ukirudi, utuletee majibu humu katika gazeti letu.