Tageti ya Nairobi Haioti Kitale

Kila Januari karatasi ileile hufika katika matawi ya kampuni za pembejeo na mikopo ya Kitale na Bungoma. Ni nambari ya mwaka jana, ikaongezwa asilimia kadhaa huko makao makuu Nairobi, kisha ikagawanywa kwa kumi na mbili. Meneja anaibandika ukutani, anawaambia vijana wa mauzo na maafisa wa mikopo kwamba hiyo ndiyo tageti, na kikao kimekwisha. Hilo si lengo. Ni amri, tena amri ya mtu asiyejua mahindi hupandwa lini.

Eti kugawanya kwa kumi na mbili! Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, ina msimu mmoja mkubwa. Mkulima hupanda mvua za Machi na Aprili zinaposhika, na mbegu ya kukomaa polepole kama H614 humngojesha hadi Oktoba au Novemba. Pesa za mbegu na mbolea humtoka katika wiki chache. Ikifika Julai mfuko umekauka na karo inadai. Shuka Bungoma, sehemu za chini, na Julai hiyohiyo utakuta watu wameanza kuvuna, wakijiandaa kupanda tena. Miji jirani, kalenda mbili za pesa. Sasa timu ya Kitale ikidaiwa Julai mauzo sawasawa na ya Machi, ifanye nini? Itamkopesha asiyeweza kulipa. Itamsukumia mwenye agroveti magunia ya mbolea yatakayolala stoo mpaka mwakani, na ripoti itapendeza.

Msiwaite wavivu wala wezi kabla ya kumtazama aliyeandika nambari. Nchini Marekani, benki ya Wells Fargo iliwabana wafanyakazi kwa tageti za akaunti hadi zikafunguliwa akaunti za uongo kwa mamilioni. Septemba 2016 ikapigwa faini ya dola milioni 185, na kufikia hapo wafanyakazi wapatao 5,300, wengi wao wa ngazi za chini, walikuwa wameshafutwa kazi.

Lakini ya nini kwenda mbali, na miwa tunayo hapa? Katika ukanda wa magharibi mkulima amelipwa kwa tani, kiwanda kimeshindania tani, basi kila mtu akakimbilia mizani. Miwa inayotaka karibu mwaka mmoja na nusu ikakatwa michanga, haina sukari ya maana. Julai 2023 serikali ikalazimika kusimamisha usagaji kwa miezi kadhaa ili miwa ipate kukomaa. Mizani ilisoma vizuri kabisa. Kilichokosekana ni sukari.

Bungoma hiyohiyo imewahi kuonyesha njia nyingine. Shirika la One Acre Fund lilianza pale mwaka 2006 na familia takriban 40. Lina wakosoaji wake, nami silipigii debe. Ila liliingia shambani na kupima mavuno ya mkulima, likamwachia alipe mkopo kidogokidogo kadiri msimu unavyokwenda, na leo linahudumia zaidi ya wakulima milioni moja katika nchi kadhaa za Afrika. Lilichopima ni kile kilichobaki kwa mkulima.

Kwa hiyo, meneja, kabla ya mvua za Machi keti na wanaozunguka Kiminini, Kwanza na Endebess, na wale wa Chwele na Kimilili. Waulize nani alimaliza deni, nani alishindwa, kwa nini. Waache wakupinge. Kisha kubalianeni juu ya jambo moja au mawili tu, yanayohesabika: kati ya waliochukua mbolea Machi, wangapi watakuwa wamelipa ifikapo Desemba, na wangapi watarudi kununua tena. Mvua zikichelewa, rudini mezani Aprili mlibadilishe lengo bila aibu; mkulima mwenyewe hubadilisha mbegu mvua zikichelewa.

Halafu toa pesa za bodaboda. Huwezi kudai wateja wa Endebess huku afisa akijilipia nauli. Na yule anayekataa kumkopesha mtu aliyezama tayari katika madeni asikatwe marupurupu. Leo hii anakatwa, na mwenzake aliyeidhinisha mkopo huo mbovu ndiye anayepigiwa makofi kwenye kikao cha mwisho wa mwezi.