Simu ni ya Mama, Mtumiaji ni Nani?

Wapo wazee wetu hapa Ngara wasemao kwamba dawa ya simu ni kumnyang'anya mtoto, basi. Shuleni jambo hilo limekwisha amuliwa: mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu bwenini, nami sitaki kubishana na Mkuu wa Shule. Lakini likizo zipo. Tukirudi nyumbani, Kabanga, Rulenge au Murusagamba, twaikuta simu ya mama mezani, nayo hushikwa na watoto wote wa nyumba, hata yule wa darasa la pili. Kwa hiyo maneno yangu ni kwa wale wanaounda vitu vilivyomo ndani ya simu hiyo.

Waundaji hupenda kujitetea kwamba wameweka mlango. Facebook na TikTok, kwa mfano, hazimtaki mtoto asiyetimiza miaka 13. Umri huo haukutoka kwetu. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, iliyowabana wenye mitandao wasikusanye habari za mtoto aliye chini ya miaka 13 pasipo ruhusa ya mzazi. Na mlango wenyewe ni nini? Ni swali tu: umezaliwa lini? Mtoto huandika mwaka autakao, akapita.

Kwetu hata swali hilo haliulizwi. Tangu mwaka 2019 laini huandikishwa kwa alama za vidole, na vidole ni vya mama, na akaunti ni ya mama. Mwezi wa Januari 2021 TikTok ilitangaza kwamba akaunti za watoto wa miaka 13 hadi 15 zitafichwa kwa watu wasiowajua. Ni jambo jema, lakini ngao ile haimfikii mtoto ashikaye simu ya mama yake, maana kwa hesabu ya mashine yeye ni mwanamke wa miaka 40. Video moja ikiisha, nyingine huanza yenyewe, bila kujali kwamba mbuzi hawajarudishwa zizini. Akibonyeza "nakubali" chini ya masharti marefu ya Kiingereza, amemkubalia mama asiyejua lolote.

Waingereza wamelitazama jambo hili vizuri zaidi. Kanuni yao iliyoanza mwaka 2020 haigusi tu vitu vilivyoundwa kwa ajili ya watoto, bali hata vile ambavyo yaelekea watoto watavitumia. Kifaa cha kuonyesha mahali alipo mtoto kiwe kimezimwa tangu mwanzo. Na kampuni isiyoweza kujua umri wa watumiaji wake yapaswa kuwapa wote ulinzi ule ule wa mtoto. Hapo ndipo penye faida kwetu!

Sisi tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, isemayo kwamba mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yenye Tume yake. Yafaa Tume hiyo iwadai wenye kampuni wahesabu kwamba simu yo yote huenda imo mkononi mwa mtoto, mpaka mtu mzima afungue kwa makusudi. Ataudhika kidogo kwa kubonyeza mara mbili tatu, si kitu. Na masharti yaandikwe kwa Kiswahili, mama apate kuyasoma kabla mtoto hajayakubali.