Sola Haina Kosa, Fuateni Bomba

Nimepotea siku mbili tatu, test zilinibana. Leo nina jambo la kusema kuhusu maji ya moto, na wakazi wa hosteli za mtaani naomba mnisikilize hadi mwisho.

Wanaosema Mwanza ni joto tupu hawajawahi kuoga saa kumi na moja alfajiri kwa maji yaliyolala kwenye simtanki. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwani haumwonei huruma mwenye kipindi cha saa moja. Ndiyo maana wengi tulikimbilia hosteli hii. Juu ya paa kuna mtambo wa kupasha maji kwa jua. Tukasema tumeula!

Muhula huu maji yakawa vuguvugu. Leo ya moto, kesho baridi. Akaletwa fundi, akafungua bomba moja, akapanda juu, akashuka na hukumu: paneli zimekufa. Tukaambiwa tuchange 20,000 kila kichwa. Na bumu lenyewe halijatoka!

Kuona hivyo, watu wakarudi kwenye hita za kutumbukiza ndooni. Wiki iliyopita jirani yangu akaingiza mkono kupima joto kabla hajachomoa. Alirushwa hadi ukutani. Ni mzima, namshukuru Mungu, lakini tungeweza kuwa tunachangishana rambirambi kwa ajili ya ndoo moja ya maji ya kuoga.

Hoja yangu ni hii: kabla hujasema mtambo umekufa, fuata bomba.

Sola ya maji ni kitu rahisi sana. Maji baridi ni mazito, yanashuka kutoka chini ya tangi na kuingia chini ya paneli. Jua likiyapasha yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe na kurudi tangini kwa juu. Kwa hiyo ya kuoga yanachukuliwa juu ya tangi, na ya baridi yanaingizia chini. Fundi akigeuza mabomba hayo, paneli inaweza kuwa mpya kabisa na bado ukaoga baridi. Rafiki yangu anayesoma Ujerumani ananiambia hata redieta za kule zinazopasha vyumba zina ugonjwa huo huo: bomba la kuingiza na la kutoa yakibadilishana nafasi, redieta inapasha kivivu, na mtu anakimbilia kununua kubwa zaidi.

Basi tukamwendea mama mwenye nyumba. "Shikamoo mama, tunaomba kwanza tujaribu kitu." Akasema, "Marahaba. Haya wanangu, ila mkivunja mtalipa."

Tulifunga koki ya maji yanayotoka kwenye tangi la moto, kisha tukafungua bomba la moto bafuni. Yalitakiwa yakauke. Yakaendelea kutoka, tena kwa nguvu! Sasa kama tangi limefungwa, hayo yanatoka wapi?

Tukafuata bomba kwa mkono, bafu hadi bafu. La mwisho lina shawa ya kushika mkononi yenye kifungio chake. Watu wanaacha koki zote mbili wazi na kufunga pale mkononi. Maji baridi hapa yameunganishwa moja kwa moja na bomba la mjini, ya moto yanashuka tu kutoka paani. Bomba la mjini likija na presha, baridi inapita pale kwenye shawa na kuvamia njia ya moto ya jengo zima. Ndiyo maana siku nyingine yalikuwa ya moto: huku mlimani presha ya mjini hailingani kila siku. Na ndiyo maana simtanki lilikuwa linafurika usiku wakati boya limefunga! Tukafunga koki za shawa ile, na kesho yake watu wakaoga moto.

Dawa yake ni valvu mbili za kuzuia maji kurudi nyuma. Bei yake haikufika hata mchango wa watu watatu.

Simwiti yule fundi mwizi. Paneli huwa zinakufa kweli, zinavuja au zinaziba. Lakini kupima kwa koki ni dakika tano, na michango isianze kabla ya dakika hizo tano. Wanafunzi nasi tuache kutoa hela kwa sababu tu mtu amepanda ngazi. Tuulize: umefunga nini, umefungua nini, umeona nini?

Na zile hita, wadau, tafadhali. Chomoa kwanza ndipo upime.

Nawasilisha. Mwenye hosteli yenye maji ya mafumbo aniandikie, nakuja na spana.