«Weye uko wa wapi?» Swali la mlango wa kazi



Mwaka uliopita nilipeleka dosie yangu ya kazi kwenye ofisi moja hapa Lubumbashi. Tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa oditwari moja, mwenye alinipita kwa pointi miaka yote mitano. Sekretere akasoma majina, kisha akamwuliza: «Weye uko wa wapi?» Rafiki akajibu Kasai, ingawa amezaliwa Katuba, na baba yake vilevile. Dosie yake ikarudishwa palepale. Yangu ikaingia. Ninasema kwa aibu: nilinyamaza. Hata nilifurahi kidogo. Kazi yenyewe sikuipata, alipewa mtoto wa ndugu ya mukubwa, lakini si hiyo yenye inaniuma.

Katika muji huu swali hilo liko na historia, na wazazi wetu hawapendi kuisema wakati tunakula bukari. Mwaka 1992 na 1993, Katanga yetu ikiitwa bado Shaba, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa mamia ya maelfu. Kule Likasi na Kolwezi familia zililala kwenye gare wiki na wiki, watoto wakafa pale, wakingojea treni ya kuwapeleka fasi ambayo wengi hawajaiona hata siku moja. Babu zao waliletwa na Union Minière kuchimba shaba. Na wakubwa walikuwa wanagombania nini? Kiti cha waziri wa kwanza: mwezi wa 8 mwaka 1992 Conférence nationale ilimweka Étienne Tshisekedi pahali pa Nguz Karl-i-Bond. Ugomvi wa kiti Kinshasa, marungu Likasi.

Kuna hesabu moja ambayo watu hawaisemi. Katikati ya miaka ya 1980, Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450.000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaanguka. Mwaka 1993 tani hazikufika 50.000. Mishahara ikakawia, shule na hospitali za kampuni zikachakaa. Sahani ilikuwa tupu, na raia akaambiwa ni jirani yake ndiye amekula.

Leo je? Inchi inatoa zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka, karibu zote kutoka Haut-Katanga na Lualaba. Hatujawahi kutoa shaba nyingi namna hii. Na bado mwenye diploma anauza kredi ya simu kwenye kona ya avenue. Mtu akiniambia kazi yangu imekamatwa na kijana wa manseba, ninamwomba anionyeshe hesabu yake. Manseba! Ni neno la Tshiluba, maana yake mjomba, na kila mtu wa Lubumbashi analiita asubuhi akichelewa. Jioni mtu yuleyule anaandika kwenye WhatsApp: «Baende kwao.»

Lakini tusidanganyane. Wandugu wengi wa Katanga wanalalamika kwamba vyeo vya serikali vinafuata kabila ya mwenye kutawala. Hatuwezi kusema ni maneno ya bure. Kwa kila rais tumeona jamaa zake wakijaa ofisini, na wengi wenye kulalamika leo walinyamaza zamu yao ilipokuwa. Ila yule aliyepewa cheo haendeshi manseba, hauzi makala Katuba. Hasira inashukia pale penye ni rahisi kupiga.

Sheria iko. Ordonansi ya tarehe 7 mwezi wa 6 mwaka 1966 inaadhibu ukabila. Kifungu cha 13 cha Katiba ya 2006 kinakataza kumbagua Mkongomani juu ya familia au kabila lake, kwa masomo na kwa kazi za serikali. Nani amewahi kuitwa parke kwa sababu ya swali la mlangoni?

Wanasiasa wanatuambia umoja utarudi kwa dialogue. Tumeona Sun City, iliyozaa rais mmoja na makamu wanne mwaka 2003. Tumeona mapatano ya Saint-Sylvestre, mwisho wa 2016. Silaha kunyamaza ni jambo kubwa, hatulidharau, zaidi leo ambapo wandugu wetu wa Goma na Bukavu wamekamatwa na M23 tangu mwanzo wa 2025. Lakini kila mara, walioondoka na kitu ni wale waliokaa kwenye meza.

Sisi tunaomba kitu cha karibu. Tangu 2018, Code minier inapatia jimbo 25 kwa mia ya redevance ya madini, na miji, komine, sekta na sheferi zenye mgodi 15 kwa mia. Zibandike kwenye ukuta: tumepokea ngapi, tumefanyia nini, tumeajiri nani. Makampuni na ofisi zitangaze kazi mbele ya wote, na mustari wa «originaire de» utoke kwenye dosie.

Na weye mwenye uliulizwa kabila lako kwenye mlango wa kazi, tuandikie: fasi, siku, na maneno yenyewe. Jina lako tutaliacha pembeni. Na weye mwenye ulipita kama mimi, huku mwenzako anarudishwa, tuandikie pia.