Idi Amin wa Sinema na Idi Amin wa Wazee Wetu

Ukiona nimepewa nafasi kubwa hivi katika jarida letu kuzungumzia sinema, usidhani nimekosa la kuandika. Sinema hii nusura itugawanye muhula wa pili, na wako wanachama wawili ambao mpaka leo hawaketi dawati moja kwa ajili yake. Majina nayahifadhi. Wenyewe wanajijua.

Sinema yenyewe ni Rise and Fall of Idi Amin. Ilitoka mwaka 1981, miaka miwili tu baada ya Amin kung'olewa Kampala. Mwelekezi wake ni Sharad Patel, ilipigwa hapa hapa Kenya, na aliyecheza Amin ni Mkenya mwenzetu, marehemu Joseph Olita wa Siaya, aliyeaga dunia mwaka 2014. Mimi niliiona likizo ya Aprili pale Kakuma, katika kibanda cha video cha mabati kinachotumia sola. Joto lilikuwa la kukaanga mayai, lakini watu walijaa hadi mlangoni.

Sasa sikiliza niliyoyaona, maana si sinema peke yake niliyoitazama, niliwatazama na watazamaji. Ilipofika pale friji inapofunguliwa na vichwa vya watu vinaonekana ndani, nusu ya kibanda ilipiga mayowe na nusu ikaangua kicheko. Pale Amin anapokula nyama ya mtu, jamaa mmoja nyuma yangu akaitisha irudishwe, ati hakuona vizuri! Vijana wakawa wanaiga sauti ya Olita na kugawana vyeo: wewe Jenerali, wewe Kanali. Ilikuwa burudani, wacha niseme ukweli, na mimi nilicheka. Lakini pale askari wanapoua raia, jambo ambalo kwa sinema hii ni la kawaida tu, mzee mmoja wa kambini alisimama, akatafuta kiatu chake gizani na kutoka. Hakusema neno. Aliyekuwa kando yangu akanong'ona, "Huyo mzee ni mwoga."

Tuliporudi shuleni Lodwar nikawasimulia wenzangu, na hapo ndipo moto ulipowaka. Ikaletwa hoja kwamba sinema hii ionyeshwe Jumamosi ya burudani mwisho wa muhula. Waliounga mkono walikuwa na maneno mazuri. Walisema si sinema ya majini na mazimwi, ni mambo yaliyotokea kweli, kwa hivyo ni somo la Historia. Mwalimu mlezi akatukumbusha kwamba nchi hii ina bodi inayoainisha filamu kwa umri wa mtazamaji, na kwamba wengi wetu hatujatimiza miaka 18. Akazomewa kidogo (samahani, Mwalimu). Kisha akasimama mwenzetu wa Kidato cha Tatu, ambaye kwao ni kambini tangu utotoni. Alisema maneno machache: "Nyinyi mnalipa mwone. Sisi tulionyeshwa bure." Akaketi. Hoja ilishindwa kwa kura chache, na walioshindwa wakasema tumeogopa ukweli.

Hayo ya kuogopa ukweli ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Kwani ukweli uliomo katika sinema hii ni upi?

Amin alitwaa serikali tarehe 25 Januari 1971. Mwaka 1972 aliwapa Waasia siku 90 wafungashe virago. Mwaka huo huo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitolewa mahakamani na askari, hakuonekana tena. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza ati ni ajali ya gari. Waliokufa katika miaka ile minane hawakuhesabiwa na mtu. Wengi hutaja watu 300,000. Hayo hayana ubishi.

Lakini vichwa kwenye friji? Huo ulikuwa uvumi uliotembea Kampala na Nairobi. Kuhusu kula nyama ya watu, Henry Kyemba, aliyekuwa waziri wake wa afya na aliyetoroka mwaka 1977, aliandika kwamba Amin mwenyewe alijigamba mbele yake kuwa amewahi kula. Kujigamba ni kitu kimoja na kuonekana mezani ni kingine. Sinema imechukua uvumi na majigambo na mauaji ya kweli, ikatia vyote katika sufuria moja na kutupakulia, na mtazamaji wa Kakuma hajui ipi ni nyama na ipi ni mchuzi. Halafu ajabu ni kwamba kinachokumbukwa na kila mtu akitoka pale ni friji. Niliwauliza watu saba waliokuwa kibandani kule. Wote walitaja friji. Hakuna hata mmoja aliyemtaja jaji au askofu.

Mimi naona friji ndiyo inayoturahisishia mambo. Tukishaonyeshwa mtu anayekula watu, tunapumua: huyo ni zimwi, si mwenzetu. Ilhali Amin hakuua watu wote wale kwa mkono wake. Palikuwa na ofisi kule Nakasero, wakiiita idara ya utafiti, yenye makarani, madereva na washika bunduki. Watu walitiwa katika buti ya gari mchana kweupe, jirani anatazama. Dereva wa gari lile jioni alirudi kwake akala ugali na watoto. Huyo ndiye anayenitisha mimi, na kuna watu kambini waliowakimbia madereva wa namna hiyo kutoka Sudan, Kongo, Burundi na kwingineko. Yule mzee aliyetafuta kiatu gizani hakuwa mwoga. Labda alimtambua mtu.

Jambo lingine. Yumo katika sinema Mwingereza Denis Hills, mwalimu aliyehukumiwa kifo mwaka 1975 kwa kumwandika Amin vibaya, akaokolewa baada ya waziri wa mambo ya nje wa Uingereza kwenda Kampala mwenyewe. Hills alicheza nafasi yake mwenyewe. Ni jambo la kusisimua, sikatai, kumwona mtu aliyeponea chupuchupu akiigiza kuponea kwake. Lakini Waganda, Waacholi na Walangi waliokufa kwa maelfu wako wapi? Wamo kama watu wa kuangushwa. Wanaanguka, damu nyekundu kama rangi ya ukuta inamwagika, kisha tunaendelea.

Na Waturkana je? Hapa naomba unisikilize vizuri, maana wengi hudhani mambo ya Amin ni ya Uganda peke yake.

Mpaka mwaka 1926 nchi hii ya Turkana ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda ndipo Waingereza wakaihamishia Kenya. Februari 1976 Amin akalikumbuka jambo hilo. Alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, karibu kufika Nairobi, na sehemu ya kusini mwa Sudan, kihistoria ni za Uganda. Maana yake bweni hili tunamolala lilikuwa katika ramani yake! Mzee Kenyatta, ambaye kabla ya Uhuru alizuiliwa na wakoloni hapa hapa Lodwar, alikataa katakata kutoa hata inchi moja, na Amin akarudi nyuma.

Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni yalimfukuza. Sinema inaishia hapo na watu wanapiga makofi. Lakini kwetu hadithi ilikuwa ndiyo inaanza. Askari wa Amin walipokimbia kambi ya Moroto, waliacha ghala la silaha wazi. Wamatheniko, jirani zetu Wakaramoja, wakaingia na kujichotea bunduki kwa maelfu. Kumbuka kwamba mwaka 1973, Amin akiwa bado anatawala, Waturkana na Wamatheniko walikuwa wamepatana pale Lokiriama na kuzika silaha ardhini, na mpaka miaka ya karibuni watu wamekuwa wakikutana pale kuadhimisha patano lile. Basi uvamizi uliokuwa wa mikuki na bunduki chache kuukuu ukageuka kuwa vita hasa. Wala siwatupii Wamatheniko lawama zote, maana hata sisi tulikuwa na ngoroko wetu, na wao pia waliwafuata watu usiku. Ukaja na ukame, ukaja na ugonjwa wa mifugo. Wakati ule wazee wanauita Lopiar, yaani uliofagia kila kitu. Familia zilizokuwa na ng'ombe na mbuzi wa kujaza bonde zilijikuta katika foleni ya mahindi ya msaada.

Babu yangu ni mmoja wao. Nilipomsimulia sinema, nikimwigizia na friji, hakushtuka hata kidogo. Aliniuliza iliishia wapi. Nikamwambia iliishia Amin alipotoroka. Akasema, "Sasa, na ng'ombe wangu wako wapi?" Nikakosa jibu. Nikajaribu kumweleza kwamba hiyo si sinema ya ng'ombe, akanitazama kama mtu asiyenielewa, akaomba tumbaku.

Simlaumu marehemu Olita. Alifanya kazi yake vizuri mno, hata akaitwa tena kucheza Amin katika filamu ya Mississippi Masala ya mwaka 1991. Mwaka 2006 Wamarekani na Waingereza walitengeneza The Last King of Scotland, na Forest Whitaker akapata Oscar kwa nafasi hiyo hiyo ya Amin. Olita hakupata hata robo ya sifa hizo, na kwa maoni yangu sura yake ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu wa Afrika Mashariki. Wala sisemi sinema ipigwe marufuku. Kupiga marufuku ni kuitangaza bure.

Ninachopinga ni kuiita somo la Historia, halafu tuitazame kwa soda na karanga Jumamosi usiku, vijana wa Kidato cha Kwanza wamekaa mbele. Kama ni Historia, tuitazame mchana, wakubwa peke yao, Mwalimu awe na uwezo wa kuisimamisha na kusema: hili lilitokea, hili ni uvumi. Na ile pesa iliyotengwa ya soda itumike kuwalipia nauli wazee wawili watatu wa Lokiriama au Loima waje watueleze habari za mwaka 1979. Najua watakaosema hakuna atakayehudhuria. Huenda ni kweli. Mimi nitahudhuria, na mwenzangu yule wa Kidato cha Tatu ameniambia atakuja akipewa ruhusa ya kutoka katikati bila kuulizwa.

Mwakani hoja itarudi, nimekwisha kusikia fununu mabwenini. Mimi nitakuwa mtahiniwa, sitapiga kura. Mwenye maoni tofauti na haya, mhariri ana nafasi, aandike.