Mawakala watueleze kabla ya kupokea pesa

Mhariri,

Mwezi uliopita nilirudisha gari nyuma nikagonga nguzo ya geti, nyumbani Tabata. Taa moja ilipasuka, bampa likachanika urefu wa kiganja. Kila aliyeliona aliniambia: “Si una bima kubwa? Dai!”

Nilikaa na mkataba usiku huo. Unasema katika kila dai Sh250,000 za kwanza ni juu yangu. Fundi alitaka Sh230,000, taa na rangi. Ningedai nisingepata hata shilingi, na punguzo langu la miaka 3 bila madai lingekuwa hatarini. Nikalipa mwenyewe.

Lakini ukimgonga mtu au kugonga gari la mwenzako, hilo si la kumalizana kimyakimya barabarani; polisi na bima lazima waambiwe mara moja.

Kinachoniuma ni kwamba wakala aliyenikatia bima hakunigusia kiwango hicho cha Sh250,000 hata kidogo. Kilikuwa ukurasa wa tano, maandishi madogo mno. Naiomba Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) iagize kiandikwe ukurasa wa kwanza, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka.

Mwenye gari,
Tabata, Dar es Salaam