Mama Aliyefichwa Jikoni

Hapa Kilwa na Lindi wapo watu watakaokutajia mababu saba mpaka Shirazi bila kuvuta pumzi. Waulize bibi mzaa mama alikuwa nani, watakohoa. Kasumba hiyo si yetu peke yetu.

Merle Oberon, nyota wa sinema wa Uingereza na Marekani, alizaliwa Bombay mwaka 1911, mchanganyiko wa Asia na Uzungu. Ulimwengu aliuambia kuwa kwao ni Tasmania. Charlotte Selby, aliyemlea kama mwanawe (kumbe alikuwa bibi yake), alikaa naye London, na mbele ya wageni akapitishwa kuwa mtumishi. Bibi alifariki mwaka 1937. Baadaye Oberon aliagiza achorwe picha yake, ngozi ikiwa imepaushwa. Hata marehemu hakuachiwa rangi yake!

Tusimwonee. Huko Marekani sheria ya mwaka 1917 iliwafungia mlango wahamiaji wengi wa Asia, na kanuni za sinema zilikataza mapenzi ya mweusi na mweupe. Aliolewa mara nne: Alexander Korda, aliyemkuza, alikuwa wa kwanza, wa pili, mpiga picha Lucien Ballard, alimbunia taa ya kuung'arisha uso. Mwaka 1973, nyota ikififia, aligharimia filamu ya Interval, kisha akaolewa na kijana aliyeigiza naye humo. Alikufa mwaka 1979 na siri yake; kitabu kikaifichua mwaka 1983.

Lakini sisi, nani katubana? Masimulizi ya Kilwa Kisiwani yasema mgeni alikinunua kisiwa kwa nguo, akamwoa binti wa mwenye mji, Mrimba. Jina la mgeni twalijua, na la baba mkwe pia. La binti, wazee tuliowasikiliza hawakututajia. Mwaka 2023 wataalamu walitangaza uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa kale, wakiwamo wa Kilwa, Songo Mnara na Lindi: asili ya Asia iliingia hasa kwa wanaume, ya Afrika hasa kwa wanawake, na kwa wengi wao hii ya Afrika ilizidi nusu.

Shirazi, basi, si uongo mtupu. Uongo ni kumnyamazia mama, ambaye lugha hii tunayojivunia ni yake. Atakayetuletea tena shajara ya majina ya wanaume watupu, tutamrudishia akaijaze.